Kumi na Tano, Kisha Akaacha Kuhesabu

Mwaka 1994 gazeti la Philadelphia Inquirer lilimuuliza Andre Waters ameshapata mtikisiko wa ubongo mara ngapi tangu aanze kucheza futiboli ya Kimarekani. Alikuwa amemaliza misimu kumi na timu ya Philadelphia Eagles, akicheza mlinzi wa nyuma, na wengi waliokimbia na mpira kuelekea upande wake walikuwa wakimwogopa. Akajibu kuwa alipofika kumi na tano aliacha kuhesabu. Akaeleza na namna alivyokuwa akifanya: hamwambii mtu, ananusa ile amonia ya kuwaamshia waliozimia, kichwa kikitulia kidogo anarudi uwanjani.

Jibu lilichapishwa, na kesho yake likawa gazeti la jana. Mwaka huohuo ligi kuu ya mchezo huo, NFL, iliunda kamati ya kuchunguza mitikisiko ya ubongo, ikamkabidhi uenyekiti daktari bingwa wa baridi yabisi. Sitanii. Goti likivimba ungempelekea kwa moyo mmoja.

Maisha ya Waters yanaweza kusimuliwa kama habari ya ushindi: mtoto wa mashamba ya miwa, chuo kidogo kisichojulikana, miaka kumi na miwili katika ligi ngumu. Yanaweza pia kusimuliwa kama habari ya kifo, maana alikufa na miaka 44 kwa mkono wake mwenyewe. Zote mbili ni kweli. Lakini kila nikizisoma naona zinaruka kitu kilichokuwa kikipotea katikati, kidogo kidogo, wakati mwenyewe anashangiliwa na watu elfu sitini. Ndicho ninachotaka kukiombolezea hapa.

Alizaliwa tarehe 10 Machi 1962 huko Belle Glade, Florida, kando ya ziwa Okeechobee. Udongo wa pale ni mweusi tii, mabaki ya kinamasi kilichokaushwa, na mji ulijivunia kwa kauli kwamba utajiri wake ni udongo wake. Utajiri huo una wenyewe. Wanaoinama juu yake ni wengine: weusi wa Kusini mwa Marekani, watu wa Bahamas, wa Jamaika, wa Haiti. Mwaka 1960, miaka miwili kabla Waters hajazaliwa, televisheni ya CBS ilionyesha filamu iliyoanzia papo hapo Belle Glade, alfajiri, vibarua wanapigiwa mnada wa ujira wa siku na kupakiwa kwenye malori. Wamarekani waliitazama siku moja baada ya sikukuu yao ya shukrani, matumbo yao yangali yameshiba mboga zilizochumwa na wale vibarua.

Msimu wa kuvuna ukifika, miwa huchomwa moto kwanza ili majani makavu yaondoke. Aliyekulia Kilombero au Mumias anaujua moshi ule na majivu yanayotua kwenye nguo zilizoanikwa. Sungura hutoka mbio kwenye moto, na wavulana wa Belle Glade na Pahokee, mji jirani ambako Waters alisoma sekondari, huwakimbiza na kuwakamata kwa mikono. Wenyeji wanasema wachezaji wao wa futiboli hutengenezwa hapo, katika kumfukuza sungura. Hadithi hii imependwa sana na waandishi wa michezo, na sina hakika kama kila anayeisimulia amewahi kujiuliza kwa nini watoto walikuwa wakifukuza sungura. Walikuwa wakiwauza.

Kuna jambo jingine la nchi ile ambalo halina mpira ndani yake. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1928 kimbunga kilisukuma maji ya ziwa Okeechobee juu ya tuta na kuzamisha vijiji vyote vya kusini mwake. Waliokufa walikuwa wengi wao vibarua weusi. Hesabu rasmi ilisema 1,836, ikakaa hivyo kwa miaka 75. Mwaka 2003 ndipo idara ya vimbunga ilipokubali kuwa ni watu 2,500 kwa uchache. Weusi 674 walizikwa katika shimo moja mjini West Palm Beach. Majeneza yalikuwa machache, wakapewa wazungu. Sisemi kwamba kimbunga kile kilimuua Andre Waters. Nasema alizaliwa mahali ambapo kuhesabiwa ni haki ya wengine, na ambapo mtu anajifunza mapema kwamba maumivu yake hayaingii katika daftari la mtu.

Kutoka huko alikwenda Cheyney.

Cheyney State, ambayo tangu 1983 inaitwa Cheyney University, iko kwenye vilima vya mashamba nje ya Philadelphia. Ndiyo taasisi kongwe kuliko zote zilizoanzishwa Marekani kwa ajili ya elimu ya juu ya watu weusi: chimbuko lake ni mwaka 1837, wakati utumwa ungali halali katika majimbo ya Kusini, kwa wasia wa dola 10,000 alioacha Mkweka mmoja aitwaye Richard Humphreys. Historia ya namna hiyo ingeweza kukipa chuo jeuri. Hakikuwa na jeuri wala hakikuwa na fedha. Sifa yake michezoni ilikuwa ya kikapu. Mwaka 1978 wavulana wa kocha John Chaney walitwaa ubingwa wa taifa wa daraja la pili, na 1982 wasichana wa Vivian Stringer walifika fainali ya kwanza kabisa ya wanawake iliyoandaliwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, wakafungwa na Louisiana Tech. Wakati huohuo timu ya futiboli, ambamo Waters alikuwa akijifundisha kugonga, ilicheza mbali na kamera.

Tofauti ya chuo kidogo na kikubwa katika mchezo huu inahitaji kuelezwa, kwa sababu kwetu hakuna kinachofanana nayo. Vyuo kama Alabama au Ohio State vina viwanja vinavyojaza watu laki moja, vina madaktari, wapishi wa timu, ndege za kukodi. Wachezaji wao wanajulikana nchi nzima kabla hawajatimiza miaka ishirini. Kila mwaka timu za NFL huketi na kuwachagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na jina lako likiitwa unaingia kazini ukiwa umeshalipwa. Mwaka 1984 walichaguliwa vijana 336. Waters hakuwemo. Alikwenda Philadelphia kujaribiwa tu, na mtu wa kujaribiwa tu anaweza kuambiwa asubuhi yoyote akabidhi vifaa aondoke.

Mtu huyo hasemi kichwa kinamuuma. Hapa ndipo ninapoona mzizi wa jambo, wala hauko kwenye ushujaa wala ujinga. Mchezaji aliyeitwa wa kwanza kati ya 336 akisema naona mbili-mbili, anaketishwa na kungojewa, kwa sababu wametia fedha kwake. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma akisema hivyo, yuko mwingine nje ya mlango amekwisha kufunga kamba za viatu. Waters alilijua hilo kwa mwili wake. Mwaka wake wa kwanza hakuwa hata mlinzi wa kutegemewa; alitumiwa kwenye mikwaju ya kuanzia mchezo, ile kazi ya kukimbia kwa kasi yote kuelekea mtu mwingine anayekuja kwa kasi yote. Siku moja mwaka huo aliupokea mpira akapita nao yadi 89 hadi mwisho wa uwanja. Wakamweka.

Mwaka 1986 akaja kocha Buddy Ryan, mzee mwenye mdomo mkali aliyekuwa ametoka kuijenga ngome ya Chicago Bears iliyotwaa ubingwa. Ryan alipenda walinzi wasio na cha kupoteza. Akampa Waters nafasi ya kudumu, na humo katika kipindi cha miaka michache ikaundwa ngome ambayo wapenzi wa mchezo huu mpaka leo wanaitaja kwa sauti ya chini: Reggie White na Jerome Brown mbele, Clyde Simmons pembeni, Seth Joyner katikati, Eric Allen, Wes Hopkins na Waters nyuma. Mwaka 1991, Ryan akiwa ameshafukuzwa, ngome hiyo ilikuwa ya kwanza katika ligi kwa kuzuia mbio, ya kwanza kwa kuzuia pasi na ya kwanza kwa jumla. Ni nadra mno timu moja kuongoza yote matatu. Ubingwa hawakuupata.

Kazi ya mlinzi wa nyuma ni ipi? Anasimama mbali kuliko wenzake wote na kuangalia. Mpira ukiwapita kumi waliotangulia, yeye ndiye wa mwisho. Anayekuja amekwisha kupata kasi, naye lazima aende kumkuta, maana akingoja atapitwa. Kwa hiyo migongano yake ni ya mwendo mrefu, ndiyo mibaya kuliko ya wale wanene wa mbele wanaosukumana wakiwa karibu. Misimu minne Waters aliongoza timu yake kwa idadi ya watu aliowaangusha.

Namba hiyo, hata hivyo, si rasmi. NFL inahesabu rasmi yadi za kila mkimbiaji, pasi za kila mrushaji, mikwaju, mabao. Ya kuangusha watu, ambayo ndiyo jasho la mlinzi, haimo katika takwimu rasmi za ligi. Makocha huzihesabu wenyewe wakitazama filamu, kila timu kwa jicho lake. Katika takwimu rasmi, sehemu kubwa ya kilichobaki kwa Waters ni mipira 15 aliyoinyakua hewani katika miaka 12.

Nisimpake mafuta. Desturi yetu hairuhusu kumsema marehemu vibaya, na ni desturi njema katika siku za matanga, lakini tafakari inayomsafisha mtu humwondoa. Waters aliumiza watu. Mtangazaji wa televisheni alimbandika jina la uchafu kwa kucheza na jina la ukoo wake, likamganda. Alitozwa faini na ligi mara kwa mara. Mwaka 1988 alimgonga Jim Everett, kwotabeki, yaani mrushaji pasi, wa Los Angeles Rams, chini ya magoti, na baadaye ligi ikapitisha kanuni inayokataza mlinzi kumgonga kwotabeki aliyesimama kutupa mpira chini ya kiuno. Watu wakaiita kanuni hiyo kwa jina la Waters. Ndivyo alivyoingia katika sheria za mchezo: kama mtu ambaye wengine walipaswa kulindwa naye.

Kanuni ile ilikuwa ya haki. Magoti ya Everett yalistahili ulinzi. Lakini ligi ilipokaa kufikiri juu ya mgongano, iliona mwili mmoja tu, ule uliogongwa. Kichwa hakijui nani kagonga na nani kagongwa. Ubongo unaelea ndani ya fuvu, na mwili ukisimama ghafla wenyewe unaendelea na safari mpaka ukute mfupa; helmeti inalinda fuvu lisipasuke, ila haiwezi kuuzuia ubongo kusogea. Kila pigo lililomletea Waters sifa au faini lililipwa na vichwa viwili. Kimoja kilibebwa kwa machela na kuonewa huruma. Kingine kilitembea chenyewe hadi pembeni, kikanusa amonia.

Mwaka 1991, baada ya mechi na Tampa Bay ambamo alipata pigo la kichwa, Waters alishikwa na mtukutiko ndani ya ndege ya timu kama mtu mwenye kifafa. Akapelekwa hospitali. Baadaye maelezo yakabadilishwa, ikasemwa ni mwili tu uliobana misuli. Wiki iliyofuata alicheza.

Hapo ningependa kunyamaza kidogo, kwa sababu tukio hilo ndilo linalonirudia kuliko kifo chenyewe. Ndege nzima ilikuwa na mashahidi. Wenzake waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake uwanjani walimwona anatetemeka. Madaktari walikuwepo. Naye mwenyewe, alipozinduka, alikuwa na siku chache za kuchagua. Hakuna katika hao mtu ninayeweza kumwita mwovu. Walikuwa katika kazi ambayo Jumapili hufika kila Jumapili. Jambo likishapewa jina dogo, msuli kubana, linaacha kudai chochote. Na kulipa jina dogo kulikuwa nafuu kwa kila mtu ndani ya ile ndege, Waters akiwa wa kwanza.

Mwaka 1994 alimfuata Buddy Ryan Arizona, kwa timu ya Cardinals. Mwisho wa msimu wa 1995 Ryan akafukuzwa, na Waters akamaliza kucheza. Alikuwa na miaka 33.

Wenzake wa ngome ile walikuwa wameanza kupungua zamani. Jerome Brown alikufa kwa ajali ya gari Florida mwezi Juni 1992, akiwa na miaka 27. Reggie White alikufa siku iliyofuata Krismasi ya 2004, akiwa na 43. Vifo hivyo vilikuwa na siku, saa na sababu, na watu walikusanyika wakalia. Waswahili tuna utaratibu wa hayo. Tunaketi matanga, tunasoma hitima, tunahesabu siku ya tatu, tunahesabu arobaini, tunahesabu mwaka. Kuhesabu kule hakumrudishi mtu, ila kunawapa waliobaki mahali pa kusimama: leo ni siku fulani tangu jambo fulani. Huzuni inapewa kingo.

Sasa mtu anayepotea akiwa hai unamhesabia kuanzia siku gani? Ukipoteza kumbukumbu ya jina, hasira ikakupanda bila sababu, usingizi ukakukimbia, ukaingia chumbani na kusahau ulichofuata, hakuna jirani atakayekuja na mkeka. Mwenyewe unadhani ni uchovu. Mke au mama anadhani umebadilika tabia, anakulaumu, au anajilaumu. Anayekupenda anaombea urudi yule wa zamani, huku anampikia chakula huyu aliyepo. Tumeona haya kwa wazee wetu waliopotewa na akili, na kwao angalau umri unatupa maelezo. Kwa mtu wa miaka arobaini mwenye mabega ya chuma, maelezo hayapo. Anaonekana mzima.

Waters alirudi alikotoka, kwenye vyuo vidogo. Miaka kumi hivi alizunguka kama kocha msaidizi: Morgan State huko Maryland, University of South Florida, Alabama State, St. Augustine's ya North Carolina, na mwisho Fort Valley State ya Georgia. Ukiondoa South Florida, vyote hivyo ni vyuo vya weusi, ndugu wa Cheyney, vyenye mabasi ya safari ndefu na mishahara mifupi. Alikuwa akiwafundisha vijana wa ulinzi, yaani akiwafundisha alichokuwa akikifanya yeye. Nafasi ya ukocha katika NFL haikupatikana. Baada ya kifo chake marafiki walisema walimwona akiingia katika huzuni nzito miaka ile ya mwisho.

Ukocha wa chuo kidogo si anguko, na naudhiwa na wanaousimulia kama anguko. Kuna watu wamejenga maisha ya heshima kwa kufundisha vijana ambao hawatakwenda popote kimichezo lakini watahitimu. Kilichoharibika kwa Waters hakikuwa cheo. Aliamka kila siku na chombo kile kile alichokitegemea tangu utotoni, kichwa cha kusoma mchezo kutoka nyuma, kuona hatari kabla ya wengine, na chombo hicho kilikuwa kinamponyoka. Tena hakuwa na namna ya kulijua hilo, kwa sababu kinachotumika kujua ndicho kilichokuwa kikiharibika.

Tarehe 20 Novemba 2006, nyumbani kwake Tampa, alijiua.

Yaliyofuata yalitokea kwa sababu ya watu wawili wa nje ya mchezo huo wa Jumapili. Wa kwanza ni Chris Nowinski, aliyecheza futiboli Harvard kisha akawa mwanamieleka wa televisheni, akastaafu kwa kuumia kichwa. Alisoma habari ya kifo, akaanza kupiga simu: kwa ofisi ya uchunguzi wa maiti ya kaunti ya Hillsborough, kwa familia. Kumpigia simu mama aliyefiwa na kumwomba ubongo wa mwanawe ni jambo ambalo sijui lina adabu gani. Familia ilikubali. Vipande vya ubongo vikapelekwa Pittsburgh.

Huko alikuwako mtu wa pili, Bennet Omalu, Mnigeria, Mwigbo aliyezaliwa Nnokwa mwaka 1968 wakati wa vita vya Biafra, aliyekwenda Marekani kwa masomo na kuwa daktari wa kuchunguza maiti. Omalu hakuwa mpenzi wa futiboli. Mwaka 2002 alipoletewa mwili wa Mike Webster, nyota wa Pittsburgh Steelers ambaye mji mzima ulimjua, yeye alimwona mtu wa miaka 50 aliyekufa amechakaa kupita kiasi, akataka kujua kwa nini. Ana mazoea, mwenyewe ameyasema hadharani, ya kuongea na maiti kabla ya kuwapasua, kuwaomba wamsaidie kupata ukweli. Wenzake wa kazini waliona ni kioja. Msomaji wa Kiafrika hataona kioja chochote. Kwetu marehemu huagwa, huulizwa, huombwa radhi. Ndani ya ubongo wa Webster, ambao kwa macho ulionekana mzima, darubini ilionyesha mabaka ya protini iitwayo tau, mahali pasipostahili. Ulikuwa ugonjwa wa mabondia, ambao madaktari waliuandika tangu mwaka 1928, sasa umeonekana kwa mchezaji wa futiboli. Ukaitwa kwa kifupi CTE. Omalu alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari watatu wa kamati ya ligi waliandika kutaka makala yake ifutwe.

Mabaka yaleyale aliyakuta kwa Waters. Mwezi Januari 2007 gazeti la New York Times lilitoa habari ile ukurasa wa mbele, na ndani yake Omalu akasema tishu za ubongo wa mtu huyu wa miaka 44 zinafanana na za mzee wa miaka 85 mwenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa Alzheimer.

Toa 44 kwenye 85. Zinabaki 41. Ndiyo miaka ambayo ubongo wa Waters ulitangulia mwili wake. Najua ulinganisho wa daktari si hesabu ya duka, na najua pia kwamba hakuna awezaye kuthibitisha ugonjwa huo ndio uliomsukuma siku ile. Watu hujiua kwa mambo mengi yaliyofungana, na wengi wenye CTE hawajiui. Omalu mwenyewe aliamini uhusiano upo. Mimi naishia kwenye kidogo kilicho hakika: alikuwa mgonjwa, ugonjwa una jina, na aliishi nao bila kuambiwa. Huenda alidhani ni tabia yake imeharibika. Mtu akifikishwa kuamini hivyo juu yake mwenyewe, amenyang'anywa hata haki ya kujihurumia.

Ligi ilikana kwa miaka kadhaa, ikalegea mwaka 2009, na 2016 mbele ya wabunge ofisa wake akakubali kuwa futiboli na CTE vina uhusiano. Kati ya hapo wachezaji wengine walikufa. Dave Duerson, naye mlinzi wa nyuma, aliyekuwa bingwa na Chicago, alijiua mwaka 2011 akiacha maagizo ubongo wake uchunguzwe. Mwaka 2017 watafiti wa Boston University walitangaza kuwa katika bongo 111 za waliocheza NFL walizozikagua, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Zilitolewa na familia zilizokwisha kuwa na shaka, kwa hiyo namba hiyo haisemi kila mchezaji ni mgonjwa. Inasema shaka za familia hazikuwa za bure.

Mwaka huohuo wa 2017 Cheyney ilicheza msimu wake wa mwisho wa futiboli. Chuo kilikuwa na madeni na wanafunzi wachache, timu ikafutwa. Sijui kama niihuzunikie. Timu ile ilimtoa mtoto wa Belle Glade kwenye miwa, na ndani yake alianza kugongwa. Chuo chenyewe bado kipo, kinasomesha.

Limebaki la fidia. Makubaliano kati ya ligi na wachezaji waliostaafu yaliidhinishwa mwaka 2015, na fedha nyingi zimelipwa tangu hapo. Ili kulipwa kwa kupungukiwa akili, mchezaji alipaswa kupimwa na kulinganishwa na alivyotarajiwa kuwa kabla ya kuumia. Katika vipimo hivyo kilitumika kikokotoo kilichochukulia kuwa mchezaji mweusi alianza na uwezo mdogo wa akili kuliko mzungu, kwa hiyo mweusi alilazimika kuporomoka zaidi ndipo ahesabiwe mgonjwa. Wachezaji wawili weusi waliostaafu, Kevin Henry na Najeh Davenport, walifungua kesi mwaka 2020. Mwaka uliofuata ligi iliahidi kuacha. Waters alikuwa amekufa miaka kumi na mitano nyuma, kikokotoo hakikumgusa. Lakini kilitumiwa kwa watu kama yeye, baada ya bongo zao kuonekana kwenye darubini na dunia nzima kusoma habari zao. Kutojua mwaka 1991 ndani ya ndege naweza kukuelewa. Hicho kikokotoo siwezi.